Upande wa Mwenye Nyumba

Jumanne, Machi 11

Binti yangu amepanda na daftari jipya na kalamu mbili, akasema andika, baba, masikio ya mama yapumzike. Nimeambiwa mengi tangu nivunjike mguu, lakini hilo ndilo la kwanza lililonichekesha, kwa hiyo naandika.

Habari yenyewe ni ya aibu, afadhali niimalize mapema. Mimi ni fundi paa. Nimetembea juu ya mabati tangu sijaota ndevu, juu ya shule, makanisa na maghala, na sijawahi kuteleza. Wiki iliyopita nilipanda kigoda cha mke wangu ili nitundike pazia. Sasa mguu wa kushoto una plasta kuanzia nyongani hadi vidoleni, haukunjiki hata kidogo, na mimi nimelazwa chumbani kwetu darini kama gunia.

Chumba hiki nilikijenga kwa mikono yangu, kwa sababu chini ni karakana ya mke wangu, fundi cherehani, na kila masika maji huingia huko hadi kwenye miguu ya cherehani. Upande wa barabara paa linashuka hadi karibu kabisa na kitanda. Nikinyoosha mkono nagusa bati. Upande wa nyuma kuna mlango, na nje ya mlango ngazi ya mbao inayoshuka kando ya mfereji. Dirisha ni moja, la kupitisha paka, tena paka aliyekonda.

Binti yangu anaolewa Mei 17. Ndiye pekee tuliyejaliwa. Daktari amesema mfupa ukitulia, plasta itatolewa mwanzoni mwa mwezi huo. Nimetangaza mbele ya wote kwamba nitamwingiza kanisani kwa miguu yangu miwili, la sivyo siendi. Mke wangu akasema nisitangaze mambo nikiwa na homa. Sina homa.

Alhamisi, Machi 13

Mvua.

Jumapili, Machi 16

Mchungaji amekuja kunitazama baada ya ibada. Akaona mgonjwa ni fundi paa, akachagua neno la kumfaa fundi paa. Akanisomea ile habari ya mtu aliyepooza: watu wanne wakambeba hadi nyumba aliyokuwamo Yesu, wakakuta mlangoni pamefurika, wakapanda juu, wakatoboa paa na kumteremsha na godoro lake hadi miguuni pa Bwana. Akasamehewa dhambi, kisha akaambiwa asimame, ajitwike godoro lake, aende kwake.

Mchungaji alidhani nitafurahi. Nikamwambia mimi siku zote niko upande wa mwenye nyumba. Hakuna anayemtaja. Watu wanasifu imani, wanaimba, na yule bwana wa watu amesimama sebuleni kwake na udongo kichwani. Nani alilirudisha lile paa? Kwa mbao za nani? Nimeisikia habari hii tangu utotoni na hakuna mhubiri aliyewahi kunijibu.

"Mzee, paa pale ni mfano," akasema. "Paa ni kile kinachomtenga mtu na Mungu."

Nikamjibu kwamba paa ni kile kinachomtenga mtu na mvua, na kama anabisha basi leo akalale nje. Alicheka hadi akamwaga chai kwenye shuka. Ni mtu mzuri, ila hajui mabati.

Jumanne, Machi 18

Mvua kutwa. Paa langu halikuvuja hata tone. Naandika ili ijulikane.

Jumamosi, Machi 22

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, amekuja na mbao begani. Ni seremala. Ngazi ile ya nyuma ni kazi yake ya zamani, na amesema nguzo zimeanza kuoza kwa chini, azibadilishe kabla mvua haijakolea. Nikamwambia asiguse kitu kwenye nyumba yangu mpaka nisimame nimwangalie anavyofanya. Akasema sawa. Yeye kila kitu ni sawa. Ukimwambia nyumba inaungua atasema sawa, kisha akatafute ndoo.

Akaacha mbao chini, akaketi, akanisikiliza nikimweleza makosa ya ngazi yake. Alipoondoka, mke wangu aliniambia kwamba siku nitakayokosa mtu wa kugombana naye nitagombana na plasta. Tayari nimeanza.

Jumapili, Machi 30

Leo hatukupata mgeni, kwa hiyo ubishi wa kanisa nimeufanya na mke wangu. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akishona vishikizo kwenye mkono wa gauni la arusi. Nikamwambia, haya, paa tuliache, lakini yule mgonjwa angalau alikuwa na imani yake ya kumponya. Mtu akijikaza, hupona.

"Imani yake wapi?" akauliza, bila kuinua macho kwenye sindano. "Soma tena. Ni imani yao."

Nikabisha. Akachukua Biblia, akafungua, akaweka kidole. Na kweli. Yao. Bwana aliitazama imani ya wale waliobeba, ndipo akasema na aliyebebwa. Maisha yangu yote nimesoma yake. Silabi moja tu, nami nimekuwa nikiiruka kama mtu arukaye dimbwi.

"Kwa hiyo yeye hakufanya lolote?" nikauliza.

"Alikubali kubebwa," akasema. "Kwa wanaume wengine hiyo si kazi ndogo."

Kisha akaomba nimpe mkasi, uliokuwa karibu na mkono wangu.

Jumatano, Aprili 2

Mvua na jua kwa pamoja. Binti yangu amejaribu gauni huko chini, nimemsikia akicheka kupitia mbao za sakafu. Nimeomba anioneshe. Wamesema siku yake ifike.

Jumamosi, Aprili 5

Bati Jipya amenitembelea. Ndiye fundi paa mwingine wa eneo hili, na jina hilo nilimpa mimi, kwa kuwa kila mteja akionesha tundu moja la msumari, yeye husema hapa ni bati jipya tu. Tangu nianguke, kazi zangu zote zimekwenda kwake. Nilijiandaa kumpokea vibaya.

Kumbe alikuja kuniuliza. Paa la ghala nililoezeka mimi linavuja kwenye pembe na ameshindwa kuona maji yanapoingilia. Nikamwambia aangalie chini ya kofia, lile bati linalofunika mgongo wa paa, upande upepo unakotoka. Akanishukuru sana. Alipokuwa anavaa viatu mlangoni, akasema wateja wote anawaambia kwamba kazi ni ya Fundi, yeye anamshikia tu hadi apone.

Nikamwambia aangalie ngazi, inateleza. Nimekuwa nikimsema huyu mtu kwa miaka. Nitapunguza.

Jumapili, Aprili 13

Mchungaji amerudi, safari hii na silaha. Amesema amelala akiliwaza swali langu la mwenye nyumba, na ametafuta. Anasema ukisoma mwanzo wa habari ile, watu walisikia kwamba Yesu yuko nyumbani. Nyumbani, basi. Wapo wanaoisoma hivi: nyumba ile ilikuwa ndiyo anapokaa, kwa hiyo ilikuwa kama yake.

Nikanyamaza. Mke wangu akasimamisha cherehani huko chini ili asikilize ukimya wangu.

Maana kama ni hivyo, mwenye nyumba nimekuwa naye tangu mwanzo sebuleni na sikumtambua. Ndiye aliyesimama na udongo kichwani. Walimtobolea paa lake, akainua macho, na neno lake la kwanza halikuwa nani atalipa. Akamwita yule mgonjwa mwanangu.

Mchungaji aliniuliza kama bado niko upande wa mwenye nyumba. Nikamwambia niko, ila nahitaji muda. Tukacheka wote wawili, naye akala mkate wote niliowekewa mimi.

Jumatatu, Aprili 14

Nimelitazama bati kutwa nzima. Ni bati tu.

Jumamosi, Aprili 19

Mvua. Mkwe wangu mtarajiwa, mwoka mikate, ameleta mikate ya moto ndani ya koti ili isilowe. Amenikuta nikimtukana mbu. Ana mikono mikubwa na aibu nyingi. Ananiita mzee kila baada ya neno la pili. Nimempenda zaidi ya nilivyopanga.

Alhamisi, Aprili 24

Leo nina mengi.

Mvua ilianza asubuhi, si ya kawaida, ile ya kumwagwa. Kufikia alasiri mfereji wa nyuma ulikuwa unanguruma hata sisikii cherehani. Mke wangu akapanda na chai. Nikaona mlango unasukumwa na bega, nikaona sinia, nikamwona ameweka mguu wa kwanza ndani, kisha wa pili. Ndipo nyuma yake pakalia kitu kama mti unaoanguka, na mlangoni pakabaki mwanga mtupu.

Ngazi ilikuwa imekwenda. Yote, nguzo na vidato, imeng'oka ukutani na kuingia kwenye mfereji, na mfereji ukaibeba.

Aligeuka taratibu, akapatazama pale alipokuwa amekanyaga. Hakuna chai iliyomwagika. Akaja hadi kitandani, akaweka sinia.

"Chai yako," akasema. Kisha akaketi sakafuni, nami nikajivuta na plasta yangu hadi nikamfikia kichwa, tukakaa hivyo, nikimshika nywele, mpaka mvua ikapungua. Mbao za shemeji zilikuwa huko chini wakati wote, nzima, zile nilizomkataza kuzigusa.

Shemeji alikuja jioni na ngazi ya kuegemeza na ubao wa kuvukia mfereji, akamteremsha dada yake kidato kwa kidato. Nilingoja aniseme. Nilitaka aniseme. Alichosema ni kwamba ukingo umelika, nguzo mpya hazitashika hadi mvua iishe na udongo ukauke.

"Mwezi wa sita, shemeji," akasema.

Nikasema sawa.

Jumatatu, Aprili 28

Wenye magoti mazima wanapanda na kushuka kama kawaida. Mimi ni wa huku juu.

Jumanne, Mei 6

Muuguzi amepanda ngazi ya kuegemeza, na mkoba mgongoni, nikamheshimu. Lakini anasema plasta haiwezi kukatwa bila picha ya mfupa, na picha hupigwa hospitalini, na kwenda hospitalini ni lazima nishuke, na kushuka kwenye ngazi ile na mguu usiokunjika, juu ya maji yale, ni kujiua. Aliyasema yote kwa upole, akanipima na mapigo ya moyo, akashuka.

Basi siendi kwa miguu yangu miwili. Hilo limekwisha.

Ijumaa, Mei 9

Nimemwita binti yangu, nikamwambia sitakuwapo arusini. Nilikuwa nimeipanga hotuba. Nilisema baba hawezi kuonekana na watu akiwa hivi. Nilisema niliahidi kutembea, na mwanamume akiahidi huishia pale pale alipoahidi, afe na tai shingoni. Nilisema mjomba wake atamwingiza.

Alinisikiliza hadi mwisho, mikono mapajani. Ana macho ya mama yake, hayakusaidii ukidanganya.

"Baba," akasema, "mimi niliomba uje. Hayo ya miguu uliyaongeza wewe."

Akanibusu kwenye paji la uso, akaenda. Nimechoka.

Jumapili, Mei 11

Wamekutana karakanani baada ya ibada: mke wangu, shemeji, Bati Jipya na mkwe. Walidhani nimelala. Sakafu hii niliipiga mimi na ina nyufa za kutosha.

Walijadili kunishusha kwa mgongo, wakaona plasta haitaruhusu, na kwa kamba mlangoni ni kuniteremsha mferejini. Walijadili kulipanua dirisha, shemeji akasema ukuta ule wa tofali utaanguka nao. Kisha Bati Jipya akasema, polepole, kwamba kwa kweli njia ni moja tu. Upande wa barabara paa liko karibu na kitanda. Ukitoa mabati ya chini, mtu anatoka amelala, bila kuinuliwa.

Nikainamisha sikio ukingoni mwa kitanda.

"Hilo mtu asimwambie," mke wangu akasema. "Paa lile ndilo uso wake. Afadhali tumkose siku moja kuliko kumvunjia uso."

Wakakubaliana wote. Nilisikia viti vikivutwa, nikamsikia mkwe akipenga kamasi.

Nimelia, nalisema wazi. Wale wanne wa Injili walipanda bila kuuliza, maana walijua hata mwenye nyumba akikasirika, mgonjwa atapona. Wanne wangu wana nguvu zile zile na kamba zile zile. Kilichowasimamisha ni kwamba wananiogopa kwa ajili ya bati. Nimejenga paa ambalo watu wanaonipenda hawathubutu kuligusa, na mimi nipo chini yake, mkavu kabisa.

Jumatatu, Mei 12

Sikumngoja mtu. Nilimwita mke wangu kwa kugonga sakafu na fimbo. Akapanda na sentimita yake ya kupimia nguo shingoni, akidhani nataka maji.

Nikamwambia amwite Bati Jipya, na kaka yake, na yule mwoka mikate. Nikamwambia tutoe mabati ya chini upande wa barabara, na shemeji akate papi, zile mbao nyembamba zinazobeba bati, kati ya kenchi na kenchi, nafasi inatosha mtu. Ubao wa karakanani wa kukatia nguo ni mpana na imara, nitalala juu yake.

Akanishika shavu kuona kama lina moto.

"Sina homa," nikasema. "Mimi ndiye mwenye nyumba. Naruhusu."

Akaanza kucheka huku akilia, akajifuta kwa sentimita kwa kukosa kingine.

Alhamisi, Mei 15

Nimechora mistari kwa chaki kwenye bati. Wageni wanapanda kuiona.

Jumapili, Mei 18

Naandika karakanani, katikati ya vitambaa, maana huko juu mbingu inaona hadi chini ya kitanda.

Jana asubuhi Bati Jipya alipanda na nyundo na mtaimbo. Nikamwelekeza kutoka ndani, yeye akiwa nje, bati katikati yetu. Anzia chini. Usiguse kofia. Baada ya muda nikasikia akipumua kwa shida.

"Fundi, misumari yako haitoki."

"Ningejua," nikamjibu, "ningepiga michache."

Barabarani wakacheka, ndipo nikajua kuna watu barabarani. Bati la kwanza likafumuka kwa kelele ambayo maisha yangu yote nimelipwa ili isitokee. Mwanga ukaingia hadi kwenye mto wangu, na manyunyu yakanipiga usoni. Sikuwa nimeguswa na mvua tangu Machi. Nilifungua mdomo kama mtoto. Shemeji akakata papi kwa msumeno wake, safi, bila kuniuliza, na kila alipomaliza moja alisema sawa.

Wakanilaza kwenye ubao, nikiwa na koti na tai, na suruali ambayo mke wangu aliipasua mguu mmoja na kuishona upya juu ya plasta. Mkwe wangu, saa ambayo bwana arusi mwingine angekuwa mbele ya kioo, alikuwa amekunja mikono ya shati jeupe. Akasema yeye amezoea kutoa mikate, tuanze na miguu. Wakafunga kamba kwenye kenchi nilizozisimamisha mwenyewe, wakanitoa taratibu, wakaniteremsha mbele ya watu wote. Nilitoa maelekezo hewani hadi nilipofika chini. Nasikia sauti ilifika kanisani kabla yangu.

Kisha safari. Mke wangu pembe ya mbele kushoto, amepandisha gauni lake la arusini hadi magotini na viatu amevivaa shingoni. Shemeji upande wa pili. Nyuma, Bati Jipya na mkwe. Barabara ilikuwa tope tupu. Kila waliyempita alitaka kushika, na mke wangu akawaambia watu wazima kabisa wapange foleni. Niliona juu tu, matawi na nyaya na mawingu na nyuso zao kwa chini, midomo wazi kwa kuhema, na niliwapenda wote, hata Bati Jipya, hata kwa zile kazi za ghala.

Mlangoni mwa kanisa, kinanda kilikuwa kimeshaanza. Mkwe akashtuka kwamba yeye ndiye anayepaswa kuwa mbele akingoja. Akasema samahani, mzee, akaachia pembe yake, akakimbia kwa mlango wa pembeni huku akishusha mikono ya shati. Ubao ukainama. Nikashika kingo nikijua naanguka.

Haukuanguka. Ulinyanyuka tena ukawa sawa. Nikageuza shingo kadiri nilivyoweza, nikaliona gauni. Ndiyo mara ya kwanza nililiona. Binti yangu alikuwa amempa mtu maua yake, ameushika ubao kwa mikono miwili, na tope la barabara tayari limempanda vifundoni.

"Mwanangu, wewe si wa kubeba leo," nikamwambia.

"Nyamaza, baba," akasema. "Tunaingia."

Tukaingia. Watu wote walisimama, na kwaya ikapotea katikati ya ubeti kwa kicheko. Tulifika mbele, na Mchungaji akafungua kitabu chake, akatutazama, akafunga mdomo, akaufungua tena. Alikuwa anajikaza asicheke na asilie.

"Ni nani anamleta bibi arusi huyu?" akauliza.

Jibu nilikuwa nalo tangu siku aliyozaliwa. Neno moja. Nikavuta pumzi ili nilitamke, na nyuma ya kichwa changu binti yangu akajibu kwanza, kwa sauti ya kufika hadi mlangoni:

"Sisi tunamleta baba."

Nami, mwenye jibu la kila kitu, nilikosa neno, nikalia mbele ya kanisa zima mchana kweupe. Mchungaji akasema inatosha. Wakanishusha karibu na benchi la mbele, na binti yangu akajifuta mikono kwenye gauni lake jeupe, akaenda kuolewa.